Fomu 4868: uzoefu wangu wa kuomba nyongeza ya muda wa kodi nikiwa mbali na makaratasi

Nianze na hukumu, mwenye haraka asisubiri hadi mwisho. Kwa mtu anayelipa kodi Marekani, Fomu 4868 ni ya bure, haina maswali mengi na haitaki ujieleze. Ukiiwasilisha kufikia Aprili 15, tarehe yako ya mwisho ya kupeleka ritani, yaani hesabu zako za kodi za mwaka, inasogea hadi Oktoba 15. Tarehe ya kulipa haisogei hata siku moja. Naipa nyota nne kati ya tano, na ile iliyopungua nitaieleza.

Nilikuwa Tanga, mama amelazwa, na mimi ndiye niliyekuwa nikimuuguza. Makaratasi yangu yote yalibaki Houston, kwenye droo. Nimeajiriwa kwenye nyumba ya kulea wazee, kwa hiyo huko napata W-2, karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na makato ya kodi. Siku za mapumziko nafanya ukalimani wa Kiswahili kwa kujitegemea, na huko napata 1099-NEC, karatasi ya malipo ya asiyeajiriwa, kutoka kwa mawakala. Wakala mmoja alikuwa ameniandikia kiasi kisicho sahihi, na 1099 ya marekebisho ilikuwa bado haijatoka. Maana yake hata ningekuwa nimekaa mezani kwangu na kalamu mkononi, ritani kamili isingepatikana.

Nilichokipenda kuliko vyote ni kule kutoulizwa sababu. Sisi tumezoea ofisi zinazotaka barua ya daktari, mhuri wa mwenyekiti wa mtaa na nakala ya kila kitu. Nilishapiga picha cheti cha hospitali cha mama nikijua kitahitajika. Hakuna pa kukiweka. Fomu ina jina, anwani, namba ya Social Security na mistari michache ya hesabu, basi. Hakuna afisa wa kupima kama ugonjwa wa mzazi wako unatosha au hautoshi. Ukijaza sawasawa na ukawahi, umepewa. Kwa mtu ambaye siku nzima anabembeleza manesi na wauza dawa, kupata jambo moja lisilohitaji kubembeleza ni nafuu kubwa.

Kazi yenyewe iko mstari wa 4. Hapo unatakiwa ukadirie kodi yako yote ya mwaka. Maelekezo ya fomu yanasema wazi kwamba makadirio yakionekana baadaye hayakuwa ya busara, nyongeza nzima inaweza kubatilishwa. Kwa hiyo usiandike sifuri kwa uvivu wakati unajua unadaiwa. Na hapa ndipo nyota yangu moja ilipopotea: mtu anaomba muda kwa sababu hana makaratasi, halafu mstari wa kwanza wa maana unamtaka afanye nusu ya hesabu ambazo angezifanya kwenye ritani. Naelewa kwa nini, lakini kuelewa hakukunipunguzia kazi.

Nilimpigia mdogo wangu wa kike tunayeishi naye. Akaishika W-2 mbele ya kamera ya simu, kwanza kichwa chini miguu juu, kisha sawasawa lakini mwanga wa dirisha ukaifuta yote.

"Dada, nisome kisanduku gani?"

"Cha 1 na cha 2. Vingine achana navyo."

Kisanduku cha 1 ni mshahara unaotozwa kodi, cha 2 ni kodi ya serikali ya shirikisho ambayo mwajiri ameshakata. Kwa mwajiriwa mwenye W-2 peke yake, hivyo viwili na nakala ya ritani ya mwaka uliotangulia vinatosha kukadiria. Upande wa ukalimani sikuitegemea 1099 iliyokosewa. Niliingia kwenye akaunti ya benki, nikajumlisha pesa zote zilizoingia kutoka kwa mawakala, nikatoa gharama nilizokuwa na uhakika nazo. Halafu kuna kodi ya kujiajiri, ambayo wengi wetu tunaisahau tunapokadiria: asilimia 15.3 ya asilimia 92.35 ya faida. Ukiwa na faida ya dola 8,000, hiyo peke yake ni kama dola 1,130, na kodi ya mapato inakuja juu yake. Nilipokuwa na shaka nilikadiria kwa kuzidisha. Ukilipa zaidi utarudishiwa, ukipunja utatozwa riba.

Mstari wa 5 unaandika ulichokwisha kulipa, yakiwemo makato ya mwajiri. Mstari wa 6 ni tofauti yake. Mstari wa 7 ni kiasi unacholipa sasa hivi, na hapo naomba tuelewane vizuri: huna pesa, wasilisha hivyo hivyo. Nyongeza hainyimwi mtu kwa sababu ameshindwa kulipa.

Tazama hesabu yenyewe. Faini ya kutopeleka ritani ni asilimia 5 ya deni kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, hadi kufikia asilimia 25. Faini ya kutolipa ni asilimia 0.5 kwa mwezi. Zikigongana ndani ya mwezi mmoja, ile kubwa inashuka kuwa 4.5, jumla inabaki 5. Sasa chukua mtu anayedaiwa dola 4,000 aliyekaa kimya miezi mitano: dola 900 za kutopeleka ritani na dola 100 za kutolipa. Mwenzake mwenye deni hilo hilo, aliyewasilisha 4868 bila senti moja na kupeleka ritani kabla ya Oktoba 15, ana zile dola 100 tu. Riba wote wawili inawahusu, inahesabiwa kila siku tangu Aprili. Dola 900 ni bei ya kunyamaza.

Kuna afueni nyingine ambayo sikuisikia kwa mtu yeyote, niliisoma kwenye maelekezo. Ikiwa hadi Aprili 15 umeshalipa angalau asilimia 90 ya kodi yote ya mwaka, kwa makato na kwa ulichotuma pamoja na ombi la nyongeza, na ukamalizia salio wakati wa kupeleka ritani, faini ya kutolipa haikupati. Inabaki riba peke yake. Mimi nililenga hapo.

Mwishowe fomu yenyewe niliitumia kama karatasi ya hesabu tu. Ukilipa mtandaoni sehemu ya deni, au lote, na ukachagua kwamba malipo ni ya nyongeza ya muda, malipo hayo yanakuwa ndiyo ombi, huna haja ya kutuma 4868 tena. Nilitumia Direct Pay ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani), ambayo inatoa pesa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya Marekani bila ada. Nilifanya kwa simu, kwa bando, kwenye benchi nje ya wodi. Sehemu mbili zinataka utulivu. Ya kwanza ni mwaka wa kodi: ni mwaka uliopita, ule unaouombea muda, si huu tulio nao. Ya pili ni kuthibitisha wewe ni nani. Unachagua ritani ya mwaka mmoja wa nyuma, na anwani lazima iwe ile ile iliyoandikwa kwenye ritani hiyo. Nilikuwa nimehama nyumba, nikaweka anwani ya zamani, ikakubali. Namba ya uthibitisho niliipiga picha na kumtumia mdogo wangu naye aihifadhi.

Asiye na cha kulipa atumie Free File, huduma ya bure ya kuwasilisha mtandaoni. Kwa ritani yenyewe Free File ina kikomo cha kipato, lakini kwa nyongeza ya muda mtu yeyote anaruhusiwa bila kujali anapata kiasi gani. Karatasi kwa posta bado inakubalika pia, muhimu mhuri wa posta uwe wa Aprili 15 au kabla.

Sasa maneno ya watu. Mtayarishaji mmoja wa kodi niliyempigia alitaka ada kunijazia nusu ukurasa, na akanihakikishia kwa sauti ya kujiamini kabisa kwamba nyongeza inasogeza na malipo. Shemeji yangu naye akasema nitulie, maana aliye nje ya nchi ana miezi miwili ya bure hadi Juni 15. Hiyo ipo kweli, ila ni ya raia au mkazi ambaye siku ile anaishi nje ya Marekani na kituo chake kikuu cha kazi kiko nje, au askari aliyepangiwa kazi nje. Aliyesafiri kuuguza, kuzika au kuoa, huku nyumba na kazi yake vikiwa Texas, hahesabiwi humo. Kisanduku cha mstari wa 8 si chake.

Upande wa jimbo nilipona, Texas haitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi. Wenzetu wa California wanapewa miezi sita ya kupeleka ritani bila hata kuomba, lakini malipo nayo ni Aprili. Majimbo mengine yana fomu zake, kwa hiyo angalia la kwako kabla hujadhani ombi la shirikisho limemaliza yote.

Mama aliruhusiwa, alhamdulillahi, nikarudi, 1099 ya marekebisho ikafika, ritani ikaenda. Makadirio yangu yalizidi kidogo nikarudishiwa.

Kwa ambao Oktoba itawakuta bado hawana pesa: pelekeni ritani, kisha ombeni mpango wa kulipa kwa awamu. Wenye deni lisilozidi dola 50,000, likijumlisha kodi, faini na riba, wanaweza kuomba mtandaoni wenyewe. Na aliyewasilisha kwa wakati, ukihesabu na muda wa nyongeza, faini yake ya kutolipa inashuka hadi asilimia 0.25 kwa mwezi akiwa ndani ya mpango huo. Kama faini imeshakupata na miaka mitatu iliyotangulia ulikuwa safi, omba msamaha wa mara ya kwanza. 

Mwenye mume au mke ambaye bado hana namba ya kodi, kwenye nafasi ya namba yake kwenye 4868 ya karatasi andika ITIN TO BE REQUESTED. Ombi la namba, W-7, litakwenda pamoja na ritani baadaye.

Na wanaojiajiri wenzangu, malipo ya makadirio ya robo ya kwanza ya mwaka mpya, yale ya 1040-ES, nayo yanaangukia Aprili 15 hiyo hiyo. Nyongeza hii haiyagusi, na kuchangia IRA ya kawaida (akaunti ya akiba ya uzeeni) kwa mwaka uliopita nako mlango wake unafungwa siku hiyo. SEP-IRA, ile ya wanaojiajiri, ndiyo inayokusubiri hadi Oktoba.