Usilipie Nusu ya Mto Don

Haya, karibuni tena! Leo mezani kuna And Quiet Flows the Don ya Mikhail Sholokhov, na nimekasirika. Mwandishi hana kosa. Nachukia hiki nilichoshika: nusu ya riwaya inayouzwa kama nzima.

Mapinduzi ya Urusi ya 1917, Wakosaki (wale wakulima-askari wapanda farasi wa kando ya Mto Don), ukoo wa Melekhov ambao ndio wahusika wakuu, Nobel ya 1965, hayo mnayajua. Tupite.

Kamera hapa. Kwa Kirusi riwaya ina juzuu 4, sehemu 8. Tafsiri ya Kiingereza ya Stephen Garry ilitoka kwa vitabu viwili: hiki cha 1934, halafu The Don Flows Home to the Sea cha 1940. Jina jingine kabisa! Mtu anakisoma hiki, anakifunga, anatangaza kamaliza. Wapi! Kabla hujatoa hela, fungua ukurasa wa mwisho. Umeona? Kaburi nyikani, ndege jike anaatamia mayai kando yake. Simtaji aliyezikwa, nisiwaharibie utamu. Ukikuta ndege huyo ndipo kitabu kinaishia, umeshika juzuu 2 za kwanza tu, hadi sehemu ya 5. Zimebaki sehemu 3, na maasi ya Wakosaki ya 1919 yamo humo.

Na tafsiri ya Garry imekatwakatwa pia. Mhusika akizuka ghafla, si wewe uliyesinzia, kuna kurasa ziliachwa. Ukiipata tafsiri ya Robert Daglish, beba hiyo.

Wengine mtaniambia Doctor Zhivago, riwaya ya Boris Pasternak ya mapinduzi hayohayo, ni fupi. Kweli, lakini kule unamfuata daktari mshairi. Huku ni zizi, uzio, nani kavuna, nani kanyang'anywa farasi. Zhivago nayo tutaichambua hapahapa, msikimbie.

Majina sasa, maana ndipo wengi wanapokwama ukurasa wa 50. Mhusika mkuu ni Grigory Panteleyevich: hilo la pili ni "bin Pantelei", basi. Mama wa nyumba ni Ilyinichna tu, binti Ilya, kama mtaani tunavyosema binti Salum. Grishka ni Grigory yuleyule. Dunyashka ni dada yake. Chukua kadi, kila nyumba mstari wake: Melekhov, Korshunov, Astakhov, Koshevoi. Pembeni ya kila mtu andika upande wake, Wekundu (wa Wakomunisti) au Weupe (wapinzani wao), na uandike kwa penseli. Penseli, nasema! Grigory anakuwa Mwekundu, anahamia kwa Weupe, anaingia kwa waasi, anarudi kwa Wekundu, na hapo bado hajatulia. Ukitumia kalamu ya wino, kadi itachafuka kabla ya sehemu ya 8.

Nilisema nimekasirika, eti? Kwa kurasa za mavuno na samaki wa Don hasira inapungua, nakiri. Ila bei haishuki kwa sababu hiyo. Vitabu vya mitumba, hiki na cha pili huwa havikai rafu moja. Muuzaji akikuapia "kimekamilika hicho", mwoneshe ndege, kisha mwambie alete mwenzake mpatane bei ya vyote viwili.