udpcast: diski moja kwenda kompyuta 30 kwa mkupuo mmoja

Natunza maabara ya kompyuta ya chuo cha ufundi: mashine 30 na swichi ya megabiti 100 kwa sekunde. Kila muhula tunapiga Windows upya, na nakala yetu ya diski ina gigabaiti 20. Pigeni hesabu: mashine moja, hata waya ikitumika yote, inakula karibu dakika 27. Zote 30 moja baada ya nyingine ni saa 13 na ushee. Ndiyo maana udpcast, programu ya kutuma nakala moja kwa mashine nyingi kwa wakati mmoja, naipa nyota tano kwa kazi hii.

Programu ni ya Alain Knaff, ni ya bure, na kwenye Debian (aina ya Linux) inapatikana kwa apt, amri yake ya kusakinisha programu. Kwenye mashine yenye nakala unawasha udp-sender, kwenye nyingine zote udp-receiver. Kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data, inatoka mara moja, swichi inawagawia wote. Mimi huongeza --min-receivers 30 ili isianze mpaka darasa zima liitike, kwa sababu katika hali ya kawaida anayechelewa hadakii katikati.

Utamu wenyewe uko kwenye --fec, chaguo la kutuma pakiti za ziada ili kufidia zinazopotea. Ukituma kwa wengi, kila mpokeaji anapoteza pakiti yake: huyu ya 3, yule ya 50, mwingine ya 100. Ukirudia kila iliyopotea, darasa zima linasubiri marudio ambayo wengi hawayahitaji. Ukiweka --fec 8x8/128, kila fungu la pakiti 128 linasindikizwa na pakiti 8 za ziada. Hizo si nakala za pakiti fulani, ni mchanganyiko wa kihesabu wa fungu zima. Kwa hiyo pakiti ileile ya ziada inamponya aliyekosa ya 3 na aliyekosa ya 50. Mashine iliyopoteza pakiti zisizozidi 8 katika fungu, ziwe zozote zile, inajirudishia yenyewe. Gharama ni asilimia 6.25 ya data zaidi, na hiyo nailipa kwa moyo mweupe. Mafungu 8 pia hupishanishwa njiani, ili mtandao ukiyumba kidogo hasara isiangukie fungu moja.

Ukitumia --async, wapokeaji hawajibu kitu. Hapo wekeni na --max-bitrate, maana mtumaji hana wa kumwambia apunguze mwendo. Mpokeaji akipoteza pakiti nyingi kuliko ziada inavyoweza kuponya, anaacha kupokea na kuorodhesha pakiti zilizopotea. Isomeni orodha hiyo, ndiyo itakayowaonyesha ziada iongezwe kiasi gani. Aliyeliweka hilo ameshakesha maabara, naamini.

Kwa ruta za waifai zinazopokezana, kutoka jengo hadi jengo, nyota zangu ni tatu. Kwenye udpcast anayechanganya pakiti ni mtumaji peke yake. Tangu mwaka 2000 watafiti Ahlswede, Cai, Li na Yeung walithibitisha kwamba vituo vya katikati navyo vikichanganya pakiti badala ya kuzipitisha tu, wapokeaji wengi wanaweza kufikiwa kwa kasi ambayo kupitisha pekee mara nyingine hakuwezi kuifikia. udpcast haifanyi hivyo, na ningefurahi sana kuona toleo linalofanya.

Jambo jingine: bila --async, mwendo wa wote ni wa yule aliye mzito kuliko wenzake. Diski moja mgonjwa inawachelewesha 29. Kagueni diski kwanza, inayosuasua itoeni, muihudumie peke yake baadaye.