Mfuko wa stoma kwa ngozi inayowasha bila upele: angalieni gundi kwanza

Jamani sisi wenye stoma (tundu la tumboni lililotengenezwa kwa upasuaji, choo kinatokea hapo kwenye mfuko uliobandikwa kwa gundi), lalamiko ni lilelile: ngozi chini ya gundi inawasha mpaka mtu anakosa usingizi, anabandua mfuko aangalie, hamna upele, hamna wekundu. Nesi naye anasema ngozi yako safi dada. Safi wakati usiku najikuna kama nimeingia kwenye upupu!

(Kama kuna vijipele vyekundu nenda kliniki, inaweza kuwa fangasi. Mwili mzima unawasha na macho yamekuwa ya njano, wahi hospitali, mfuko hauhusiki hapo.)

Watu dukani wanauliza ujazo, filta ya harufu, unafunguka chini au la. Hayo muuzaji atakwambia mwenyewe. Hakuna anayeuliza gundi imetengenezwa na nini, wakati muwasho wa hivi mara nyingi unaanzia hapo, maana kila ukibandua gundi inaondoka na tabaka la juu la ngozi, maji yanapotea, ngozi inakauka, na ngozi kavu inawasha hata kama kwa macho iko poa, halafu ongeza na jasho la Dar.

Namba moja ni CeraPlus ya Hollister, naipenda na sifichi. Gundi yake imetiwa seramidi, yale mafuta ambayo ngozi yenyewe inatengeneza ili maji yasitoke. Toka nihamie huko nalala. Chukua ya kukata mwenyewe, pima stoma yako, tundu lizidi milimita 2 au 3 basi, likiwa kubwa choo kinagusa ngozi na hata seramidi haikuokoi.

Ya pili SenSura Mio ya Coloplast, ile ya kitambaa cha kijivu. Gundi inavutika, ukiinama inakufuata. Ya tatu Stomahesive ya Convatec, ya tangu miaka ya 1970, sina la kuongeza.

Za bei chee zisizo na jina? Kwa ngozi inayowasha pita tu.

Hela ikibaki achana na vitambaa vya kufutia vyenye manukato, nunua spirei ya silikoni ya kubandulia, gundi inaachia bila kuvuta ngozi. Na pesti nyingi, zile za kuzibia mianya kuzunguka stoma, zina spiriti, soma kwanza.

Sasa hawa wauzaji. Wanafungua boksi wanauza mfuko mmoja mmoja, ukiuliza tarehe ya kuisha eti boksi lilishatupwa. Gundi inaisha muda na joto linaiharibu, na mifuko yenyewe imepangwa dirishani jua linaipiga toka asubuhi! Mimi siku hizi nataka boksi lililofungwa, nisome tarehe mwenyewe, akinuna anune. Halafu bei, leo hii kesho ile, ukiuliza unaambiwa dola imepanda, wakati mzigo ni uleule uliokuwepo mwezi jana, vumbi lilelile juu yake. Dola inapandaje kwa kitu kilichoshalipiwa, kimekaa shelfu?