Nilimpeleka Popi saluni ya mbwa, akarudi na tishu kwenye kucha

Nilianza na nyota moja. Nikakumbuka masikio, nikaongeza. Nikakumbuka yule kijana alivyonijibu, nikapunguza tena. Someni tu wenyewe.

Ni juzijuzi, wiki mbili tatu hivi zimepita. Kumwogesha tunamalizana nyumbani, lakini kucha zake naziogopa, maana ni nyeusi tii. Mwenye mbwa wa kucha nyeupe anamulika tu, anaiona ile nyama ya ndani ilivyopita, ya waridi, anakata mbele yake. Kwenye nyeusi huoni kitu. Unapunguza vijipande vyembamba kama unachonga penseli, kila mara unatazama pale ulipokata, na kidoa cheusi kikianza kujitokeza katikati unaacha hapo hapo. Hilo nalijua mimi nisiye fundi.

Yule kijana wa saluni alikata mara moja. Kacha! Popi akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia tangu nimlee, akaukwapua mguu, damu ikaanza kudondoka mezani.

Jamani, ajali ipo, hata kwa daktari inatokea. Kucha ikikatwa mpaka kwenye nyama inatoka damu ya kutisha kuliko jeraha lenyewe, lakini mbwa hafi. Unapaka unga wa kukausha damu, unabana dakika chache, yameisha. Hata wanga wa mahindi wa jikoni unasaidia. Kijana hakuwa na unga wala wanga. Alibandika tishu. Saluni nzima, kazi yao kila siku ni kucha, na kinga yao ni tishu! Halafu akanigeukia: "Mama, mbwa wako mkorofi. Angetulia haya yasingetokea."

Popi mkorofi? Popi ambaye akichomwa sindano ya kichaa cha mbwa anamlamba daktari mkono?

Nikamuuliza kwa upole (haya, si kwa upole sana) kwa nini hakwenda kidogo kidogo. Akajibu kwa sauti, wenzangu wawili wamekaa pale na mbwa wao wanasikia: "Kucha zimeachwa hivi miezi mingapi, mama? Na nyama nayo imerefuka. Hilo ujiulize nyumbani kwako."

Nilitaka ardhi ipasuke. Na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hakukosea. Kucha zikiachwa, nyama ya ndani hurefuka pamoja nazo, ikawa hata mkataji makini hana pa kukata. Dawa yake ni kupunguza kidogo tu, kila wiki au kila baada ya wiki mbili, mpaka nyama irudi nyuma yenyewe. Mimi usiku nilikuwa namsikia Popi sakafuni, tak, tak, tak, nikadhani ni mbwembwe zake. Ile kucha ya kidole gumba, iliyo juu isiyogusa chini kwa hiyo haisuguliki, ilikuwa imejikunja, imebakiza kidogo tu izame kwenye ngozi. Huyo huyo kijana ndiye aliyenionyesha. Ahsante yake. Lakini kama aliona nyama imerefuka, mbona alikata vile?

Masikio aliyashika dada mwingine, na hapo sina neno. Alidondosha dawa, akalikanda shina la sikio mpaka tukasikia maji yakicheza ndani, akamwachia Popi ajikung'ute kichwa, kisha akapangusa kwa pamba uchafu uliopanda juu tu. Kijiti cha pamba hakukigusa. Njia ya sikio la mbwa hushuka halafu hukata kona, na kijiti kinaenda kuushindilia uchafu kwenye ile kona. Popi alifumba macho kama anabembelezwa. Hata jina la huyo dada sikuuliza, hasira zilinipeleka mlangoni.

Sirudi. Labda kwa masikio. Ila ukienda, uliza kwanza kama unga wa kukausha damu upo, kabla mbwa hajapanda mezani.

Nyota mbili. Moja ya dada wa masikio, na ya pili pia ni yake.

Sasa nina kikata kucha changu na kikopo cha unga. Popi akikiona kile chuma anaingia chini ya kitanda. Jana alikubali kucha moja, akapewa karoti yake, tukaishia hapo. Zimebaki 17.