Weva ya NHL: inamtoa mkorofi chumbani, lakini bili haitoki naye

Klabu ya hoki ya barafuni ikichoshwa na mchezaji anayewavuruga wenzake, njia ya haraka ambayo NHL, ligi kuu ya mchezo huo Amerika Kaskazini, inaipa ni weva. Jina lake linatangazwa kwa klabu zote, na kwa saa 24, hadi saa 8 mchana za New York, yeyote anaweza kumdai. Wakijitokeza wengi, anapewa klabu iliyo chini zaidi kwenye msimamo, na klabu hiyo inaubeba mkataba wote. Asipodaiwa, anaweza kuteremshwa AHL, ligi ya daraja la chini yake.

Kwa kasi, hatuna la kulalamika, na kasi ndiyo inayotakiwa. Hoki huchezwa kwa zamu za sekunde 40 hadi 50, wachezaji wakipishana huku mchezo unaendelea. Mmoja akikataa kutoka, akaganda barafuni sekunde 90, wenzake wawili wa mstari wanamkokota, na anayemsubiri benchini anapoa. Kipindi cha pili ndicho kibaya zaidi: benchi liko mbali na goli lao, kwa hiyo akichelewa kutoka anawaachia wapinzani njia nyeupe. Hasira hizo huingia nao kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na humo watu 23 wanakaa bega kwa bega msimu mzima.

Tatizo ni bei. Mkorofi wa mkataba mdogo utamtoa bila jasho. Wa mkataba mnono hadaiwi na mtu, na msimu wa 2024-25 ukimteremsha wa dola milioni 8 ulipunguziwa milioni 1.15 tu kwenye ukomo wa mishahara, yaani kiwango cha juu ambacho klabu inaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake wote; milioni 6.85 zilibaki shingoni mwako. Akiwa na kifungu cha kutohamishwa, humweki kwenye weva bila ridhaa yake. Kwa hiyo weva tunaipa nyota nne kwa mkataba mdogo, mbili kwa mkubwa, tena kwa kuihurumia.

Dallas Stars walilijua hilo mapema. Mwaka 2008 walimsajili Sean Avery kwa miaka 4, dola milioni 15.5. Desemba hiyohiyo, mjini Calgary, aliwakejeli mbele ya kamera wachezaji waliotoka na wapenzi wake wa zamani. Ligi ikamfungia mechi 6. Klabu ikasema harudi. Kwenye weva hakupata mteja. Mwaka 2009 New York Rangers walimchukua kupitia weva ya kurejea, ya mchezaji anayepandishwa tena kutoka ligi ya chini, iliyokuwapo zama hizo, kwa nusu ya mshahara. Nusu nyingine ikabaki Dallas.

Kwa mkataba mkubwa, afadhali kubadilishana wachezaji, hata ikibidi ubaki ukilipa hadi asilimia 50 ya mshahara wake. Vancouver Canucks walipoona wachezaji wao J.T. Miller na Elias Pettersson hawaivi chungu kimoja, jambo ambalo rais wao wa hoki Jim Rutherford alilikiri hadharani, Miller alipelekwa Rangers tarehe 31 Januari 2025. Canucks walipata wachezaji na chaguo la raundi ya kwanza, yaani zamu ya kuchagua chipukizi. Hata hivyo walikosa mchujo wa kuwania ubingwa, ilhali msimu uliotangulia walishika nafasi ya kwanza kundi la Pacific.

Ipo pia weva isiyo na masharti, ya kufuta mkataba. Hiyo isiguswe bila kosa la kimkataba lenye ushahidi. Kutopatana na wenzake hakutoshi. San Jose Sharks walimfutia Evander Kane Januari 2022, chama cha wachezaji kikawasilisha malalamiko, na mwisho wakalazimika kumaliza kwa maelewano. Kane mwenyewe alikuwa amevaa jezi ya Edmonton kabla mwezi huo haujaisha.