Uzoefu wangu na PipeWire: sauti ya kompyuta mpakato ilipotoweka baada ya sasisho

Ninatumia Linux kwenye kompyuta mpakato ya mtumba yenye prosesa ya Intel Core ya kizazi cha nane, na kwa muda mrefu nilibaki kwenye toleo la zamani lenye kerneli (kiini cha mfumo kinachoendesha vifaa) ya 4.19 kwa sababu halikuwa likinisumbua. Toleo hilo lilipofikia mwisho wa kupewa marekebisho ya usalama, nilihamia toleo jipya, ambalo pamoja na kuleta kerneli mpya liliiondoa PulseAudio, programu inayopeleka sauti kutoka programu nyingine hadi kwenye vifaa, na kuiweka PipeWire mahali pake. Mashine iliwaka vizuri na intaneti ilishika, lakini sauti haikuwepo kabisa, na kwenye mipangilio kulikuwa na kifaa kimoja tu kilichoandikwa "Dummy Output".

Kifaa hicho ni cha bandia. PipeWire hukiweka pale ambapo haijakabidhiwa kadi yoyote ya sauti, ili programu zinazocheza muziki au video zisikwame kwa kukosa mahali pa kupeleka sauti. Kwa hiyo mara nyingi kukiona hapo ni dalili kwamba tatizo liko chini ya PipeWire, kwenye kerneli au kwenye kadi yenyewe, ingawa watu wengi hufanya haraka kuilaumu PipeWire na kurudisha PulseAudio, kisha wakashangaa kwamba ukimya ni ule ule.

Fundi wa kwanza niliyempelekea alisema spika zimeungua na akataka kuzibadilisha. Sikukubali, kwa sababu vipokea sauti vya waya vilikuwa kimya vilevile, na si rahisi spika zote mbili na tundu la waya vife kwa pamoja siku ya sasisho. Vipokea sauti vya Bluetooth, ambavyo havipiti kwenye kadi ya ndani, vilifanya kazi bila shida. Jaribio lililomaliza ubishi lilikuwa kuwasha upya mashine na kuchagua kerneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB, inayotokea mashine inapoanza kuwaka, kwa kuwa sasisho huwa haliifuti papo hapo: sauti ilirudi, tena ikipitia PipeWire ile ile. Spika zilikuwa nzima, PipeWire haikuwa na kosa, na kilichobaki cha kuchunguza kilikuwa kerneli mpya.

Nikiwa kwenye kerneli hiyo, amri ya "aplay -l", inayoorodhesha kadi za sauti, ilisema hakuna kadi ya sauti. Niliendelea na "sudo dmesg | grep sof", inayochuja ujumbe wa kerneli, na hapo ndipo nilipokuta mstari wenye maana, uliosema kwamba faili la intel/sof/sof-cnl.ri limeombwa na ombi limeshindikana kwa kosa namba -2, yaani faili halipo. Maelezo yake ni haya. Kompyuta nyingi za kizazi hicho zina maikrofoni za kidijitali zilizounganishwa na kichakata sauti kilichomo ndani ya chipu, na draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya zamani iitwayo HDA haiwezi kuzifikia. Kerneli mpya ikigundua maikrofoni za namna hiyo huiacha HDA na kutumia draiva ya SOF, kutoka mradi wa Sound Open Firmware ulioanzishwa na Intel, ambayo haiwezi kuanza mpaka ipakie programu dhibiti (firmware) yake, inayoendeshwa ndani ya kichakata sauti, kutoka kwenye diski. Kwangu programu dhibiti hiyo haikuwa imewekwa, kwa hiyo draiva ilikataa, na kadi nzima ikapotea pamoja na spika.

Dawa ilikuwa kifurushi kimoja. Majina hutofautiana kwa aina ya Linux: kwenye familia ya Debian kinaitwa firmware-sof-signed, kwenye Fedora ni alsa-sof-firmware, na kwenye Arch ni sof-firmware. Wanaotumia Debian wakumbuke kwamba kuanzia toleo la 12, la mwaka 2023, programu dhibiti za aina hii zimetengewa sehemu yake iitwayo non-free-firmware, na aliyepanda kutoka toleo la nyuma huenda hajaiongeza kwenye orodha yake ya hazina za kupakulia vifurushi. Baada ya kukiweka nilizima mashine kabisa na kuiwasha tena. Kadi ilionekana, lakini spika zilikuwa bado zimenyamazishwa, jambo ambalo alsamixer, programu ya kurekebisha viwango vya sauti, huonyesha kwa herufi MM chini ya mhimili. Kubonyeza M kulitosha.

Kuna njia ya mkato inayosambazwa sana, ya kuilazimisha kerneli irudi kwenye HDA kwa kuandika "options snd-intel-dspcfg dsp_driver=1" kwenye faili la modprobe, yaani la mipangilio ya kupakia draiva. Spika zitalia, ila maikrofoni ya ndani itakufa, na mtu anayehudhuria vikao vya mtandaoni atajikuta ananunua ya nje bila sababu. Mimi mwenyewe miaka yote nilikuwa nikitumia maikrofoni ya nje kwa kudhani ya ndani ni mbovu, kumbe ilikuwa ikisubiri draiva hii. Sasa inafanya kazi, ingawa inanasa sana mngurumo wa feni.

Kuhusu PipeWire yenyewe, nimeridhika kuliko nilivyokuwa na PulseAudio. Amri ya "wpctl status" huonyesha vifaa vyote na programu zinazovitumia katika ukurasa mmoja, kwa nyota pembeni ya kifaa kikuu, na sauti ikikimbilia kwenye HDMI, yaani waya wa skrini ya nje, ninairudisha kwa "wpctl set-default" na namba ya spika. Bluetooth imetulia zaidi, na programu zilizoandikwa kwa PulseAudio hazijui hata kwamba kuna mabadiliko. Kinachoudhi ni WirePlumber, msimamizi wake anayeamua sauti ipite kifaa gani, ambaye kuanzia toleo la 0.5 la mwaka 2024 aliacha kusoma mipangilio iliyoandikwa kwa lugha ya Lua, hivyo maelekezo mengi utakayoyakuta mtandaoni hayafanyi kitu. Dirisha la mipangilio nalo lingeweza kusema wazi kwamba kadi haikupatikana, badala ya kumwonyesha mtumiaji kifaa cha bandia chenye kitelezi cha sauti kinachosogea kama kawaida.