Kizuia radi kisichozuia radi: tathmini ya mfumo uliofungwa nyumbani kwetu Bukoba

Jina tunalolitumia madukani, yaani kizuia radi, lina kosa ndani yake, na karibu kila kasoro niliyoikuta katika kazi ninayoieleza hapa ilianzia kwenye kosa hilo. Chombo hiki hakizuii radi wala hakiifukuzi. Kinachofanya ni kuipokea pale juu na kuipitisha upesi hadi ardhini, ili isijitafutie njia yake katika kenchi, nyaya za umeme, mabomba ya maji na miili ya watu. Mteja anayeamini kwamba amenunua ncha ya kuzuia radi ataitazama ncha ile juu ya paa na kuridhika, ilhali sehemu kubwa ya thamani ya fedha zake imefukiwa chini ya udongo asikoweza kuiona.

Nyumba yetu iko kwenye mwinuko nje kidogo ya mji wa Bukoba, imeezekwa kwa bati, na ndiyo ndefu kuliko migomba yote inayoizunguka. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopata radi nyingi, hasa dhoruba za usiku juu ya maji. Ng'ambo ya mpaka, mwezi Juni 2011, radi moja iliua wanafunzi 18 wa Shule ya Msingi Runyanya katika Wilaya ya Kiryandongo, Uganda, wakiwa shuleni. Tangu niliposoma habari hiyo sijawahi tena kuamini kwamba paa pekee ni kinga. Jengo linalomkinga mtu ni lile lenye njia ya chuma au shaba ya kuishusha radi ardhini. Darasa lisilo na njia hiyo, kibanda cha sokoni au baraza la duka humkinga mtu na mvua tu.

Kampuni tuliyoipa kazi, ambayo sitaitaja, ilituletea kwanza pendekezo la kichwa cha bei kubwa kinachotangazwa kuwa huikamata radi kutoka mbali na kuilinda nyumba pamoja na majirani. Nililikataa. Vichwa vya aina hiyo vimebishaniwa na wanasayansi kwa miaka mingi, na majaribio ya uwanjani hayajaonyesha kwamba vinaishinda ncha ya kawaida. Tukakubaliana juu ya mfumo wa kawaida, ambao msingi wake haujabadilika sana tangu Benjamin Franklin, mvumbuzi wa Kimarekani, alipoubuni katika karne ya 18: ncha mbili juu ya kofia ya paa, mikanda miwili ya kushukia katika pembe zinazokabiliana, na nondo za erthi, yaani vyuma vinavyopigiliwa ardhini ili kuipokea radi, chini ya kila mkanda. Gharama yote ilipita kidogo shilingi milioni 3, bei ninayoiona kuwa ya haki kwa vifaa tulivyopewa.

Juu ya paa kazi ilifanywa kwa unadhifu. Fundi alitumia muda mrefu kuzinoa ncha zile, akinieleza kwamba ncha kali ndiyo inayoiita radi; sikubishana naye, ingawa katika majaribio ya miaka kadhaa ya mwanasayansi Charles Moore na wenzake kwenye milima ya New Mexico, Marekani, ni ncha butu zilizopigwa na radi huku zile kali zilizokuwa jirani zikiachwa. Kilichonisumbua zaidi ni mkanda wa shaba uliolazwa moja kwa moja juu ya bati. Maji ya mvua yanayopita kwenye shaba huila zinki ya bati, na baada ya muda paa hutoboka kutu kwenye mstari uleule. Nilipoulizia hilo walibadilisha sehemu ya juu wakaweka mkanda wa alumini, bila malipo ya ziada, na kwa hili nawapa sifa.

Chini ndiko kulikokuwa na shida. Walipigilia nondo moja kila upande, wakafukia, wakaandika risiti. Hakuna aliyepima. Nilimwita fundi mwingine mwenye kipima erthi, naye akasoma omu (kizio cha ukinzani wa umeme) 42 upande mmoja na zaidi ya hapo upande wa pili, wakati kiwango kinachopendekezwa kwa kawaida hakizidi omu 10. Tofauti hiyo si ya karatasi tu. Radi ya kawaida hubeba mkondo wa ampea 30,000 hivi. Kwa hesabu ya haraka, kwenye omu 10 volteji pale ardhini hupanda hadi 300,000, na kwenye omu 42 hupita milioni moja. Kadiri volteji hiyo inavyopanda ndivyo radi inavyoshawishika kuruka kutoka kwenye mkanda kwenda kwenye kitu kingine kilicho karibu, na kwetu kitu hicho kilikuwa nguzo ya chuma ya dishi la televisheni, ambayo haikuunganishwa na mfumo kabisa. Kampuni ilirudi baada ya simu tatu, ikaongeza nondo, ikaziunganisha zote kwa waya mmoja unaozunguka nyumba chini ya ardhi, ikaifunga na nguzo ya dishi. Kipimo cha mwisho kilikuwa omu 8.

Jambo jingine ambalo sikuliona kwenye mkataba ni mahali pa kupitishia mkanda. Mmoja ulishushwa kando ya mlango wa jikoni, mahali ambapo watoto hukaa kumenya ndizi. Radi inapofika ardhini husambaa kuzunguka nondo, na mtu aliyesimama hapo hupata volteji moja mguu huu na nyingine mguu ule. Ndiyo sababu ng'ombe, ambao miguu yao imeachana sana, hufa kundi zima chini ya mti mmoja. Tuliuhamisha mkanda hadi nyuma ya ghala.

Maelezo tuliyopewa siku ya kukabidhiwa ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. "Sasa, mzee wangu, hata watoto wakicheza uani mvua ikinyesha, msiwe na wasiwasi," aliniambia msimamizi. Nasikitika kusema kwamba kauli hiyo ni ya hatari. Mfumo huu hulinda jengo, na aliye nje bado yuko nje. Sisi tunaendelea kuhesabu: kila sekunde 3 kati ya mmweko na ngurumo ni kama kilomita moja, na zikiwa chini ya 30 kila mtu anaingia ndani, haogi, hashiki bomba wala friji, na hatoki hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Msimamizi alisema pia kwamba frijigadi niliyonayo inatosha kwa vyombo vya umeme. Haitoshi. Frijigadi hutazama umeme unaopanda na kushuka kwa kawaida, ilhali msukumo wa radi huja na kuisha kabla haijakata. Kinachohitajika ni kidhibiti cha msukumo kwenye mainswichi, na hicho nilikinunua mwenyewe.

Jirani alinicheka kwamba nimepoteza fedha, kwa kuwa mwerezi wake ulikwisha kupigwa, nayo radi, kwa maneno yake, haipigi mahali pamoja mara mbili. Jengo la Empire State mjini New York hupigwa mara 20 hadi 25 kwa mwaka. Mama mkwe, kwa upande wake, bado anafunika vioo na kumvua mtoto nguo nyekundu mawingu yakitanda, kwa kuwa tangu utotoni alielezwa kwamba radi ni jogoo mwekundu anayekifuata kivuli chake. Sijamkataza. Kioo kilichofunikwa hakimdhuru mtu, ili mradi yeye mwenyewe awe ndani. Ninalomkataza ni lile la kuogopa kumgusa aliyepigwa, maana mwili wake haubaki na umeme, na mara nyingi anachohitaji ni kusukumwa kifua upesi.

Nawapa nyota 3 kati ya 5. Mbili nimezikata kwa sababu ya erthi isiyopimwa na maelezo ya msimamizi. Kwamba nyumba haijapigwa kwa misimu miwili ya mvua sikulihesabu kama sifa, kwa kuwa lingeweza kutokea hata bila ncha. Atakayewaajiri adai kipimo cha erthi kiandikwe kwenye risiti kabla shimo halijafukiwa, na apimiwe tena wakati wa kiangazi, udongo unapokuwa mkavu na omu zinapopanda. Erthi yetu itapimwa tena Agosti.